Mwanafunzi Akinyong'onyea, Tusiharakishe Kumwita Mvivu

Kila muhula unapokaribia kufungwa, walimu wa madarasa kote nchini hukabiliwa na kazi inayochosha pengine kuliko kusahihisha mitihani, nayo ni kujaza nafasi ya maoni katika ripoti za wanafunzi. Nafasi yenyewe ni finyu, aghalabu mstari mmoja au miwili, ilhali darasa lina wanafunzi hamsini au hata sitini. Si ajabu basi kwamba kumezuka lugha maalumu ya ripoti, lugha ya mkato ambayo mzazi wa Kwale na mzazi wa Kakamega huielewa bila kuhitaji ufafanuzi. "Amezembea." "Hana bidii." "Husinzia darasani." "Ana kiburi, abadilike." "Uwezo anao ila hataki kuutumia."

Mtu ambaye kazi yake ni kuchunguza maneno hawezi kuyasoma maoni haya bila kutambua jambo moja. Yote ni hukumu. Hayaelezi alichokiona mwalimu bali alichokiamua. Hata hilo la kusinzia, ambalo hapo mwanzo lilikuwa maelezo matupu, limekwisha kugeuka kuwa shtaka.

Sasa tuiweke kando orodha hiyo na tuitazame nyingine. Mnamo mwaka wa 2001 ilichapishwa nchini Marekani hojaji fupi ya maswali tisa, ijulikanayo kwa ufupisho kama PHQ-9, ambayo leo hutumiwa na matabibu wa nchi nyingi kumchunguza mtu anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa sonona. Imetafsiriwa kwa Kiswahili na hutumika humu nchini pia. Mhojiwa huulizwa ni mara ngapi, katika muda wa majuma mawili yaliyopita, amesumbuliwa na mambo haya: kukosa hamu au raha ya kufanya mambo, kuwa na huzuni au kukata tamaa, kushindwa kulala, au kulala kupita kiasi, kuchoka na kukosa nguvu, kukosa hamu ya kula, au kula mno, kujiona kuwa hafai, kwamba ameshindwa au amewaangusha jamaa zake, kutoweza kumakinika katika jambo kama vile kusoma, kusema au kutembea polepole kiasi cha watu kutambua, au kinyume chake, kuhangaika bila kutulia, na mwisho, mawazo kwamba ni afadhali afe au ajidhuru. Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, kwa hivyo jumla ya juu kabisa ni 27, na mtu anayefikisha 10 au zaidi huhitaji kuchunguzwa kwa makini na mhudumu wa afya.

Hebu mwalimu azisome orodha hizo mbili sambamba. Aliyeishiwa na nguvu na hamu, sisi humwandikia kwamba hana bidii. Aliyekesha bwenini akiutazama mwanga wa mlinzi ukipita dirishani, sisi humwandikia kwamba husinzia. Aliyeshindwa kumakinika humwambia mzazi wake, kupitia kwa kalamu yetu, kwamba uwezo anao ila hataki. Fauka ya hayo, madaktari wanatambua kwamba kwa watoto na vijana maradhi haya hayaji kila mara na sura ya huzuni. Mara nyingi huja na sura ya hamaki, ya kijana anayewaka kwa neno dogo na kujibu watu kwa ukali. Huyo ndiye tunayemwandikia kwamba ana kiburi.

Sisemi kwamba kila mvivu ni mgonjwa. Wavivu wapo, nimewafundisha, na baadhi yao ni watu wa kupendeza sana. Lakini mvivu huukimbia mzigo tu, haikimbii raha. Anayekwepa hesabu huonekana uwanjani jioni, huonekana kwenye foleni ya chakula, na akiwa na marafiki kicheko chake husikika hadi ofisi ya walimu. Aliyepatwa na sonona huviacha hata vile alivyovipenda. Mchezaji wa voliboli huacha voliboli. Mwimbaji huacha kwaya. Jambo la pili ni mabadiliko. Swali la kujiuliza ni kama mtoto huyu ndiye yule yule wa muhula uliopita, na hilo hakuna daktari awezaye kulijibu kuliko mwalimu aliyemwona kila siku kwa mwaka mzima. Jambo la tatu ni muda. Kila mtu hupata siku ya kiza, na aliyefiwa hulia. Majuma mawili mfululizo ya hali hiyo, karibu kila siku, kwa kiasi cha kumzuia mtu kutekeleza shughuli zake, ni suala jingine.

Sina budi kukiri kwamba nami nimeandika hukumu za namna hiyo. Miaka michache iliyopita nilikuwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili, kijana wa pwani ya kusini, ambaye katika mwaka wake wa kwanza alikuwa akiketi safu ya mbele na kunibishia kuhusu sauti za Kivumba. Nikisema vitabu vinasema hivi, yeye husema bibi yake hasemi hivyo. Muhula uliofuata alihamia nyuma, karibu na dirisha, kisha akaanza kukosa vipindi. Alipoleta kazi ya muhula ilikuwa kurasa mbili mahali palipohitajika kumi. Nikaandika chini yake kwa wino mwekundu: "Kazi ya ovyo. Umezembea." Nilipomrudishia aliyasoma maneno hayo, akainua macho, akasema, "Ni kweli, mwalimu."

Niliridhika. Nilidhani nimesikia toba. Kumbe hilo ndilo lililopasa kunishtua, kwamba mtu aliyekuwa tayari kuibishania konsonanti moja kwa saa nzima sasa ameikubali hukumu nzito juu yake bila hata neno moja la kujitetea. Aliyenizindua si taaluma yangu. Alikuwa mwanafunzi mwenziwe waliyekuwa wakiishi naye chumba kimoja, ambaye alibisha mlango wa ofisi yangu siku chache baadaye na kusema, huku amesimama, "Mwalimu, huyu mwenzetu halali, hali chakula, na jana alianza kutugawia vitabu na nguo zake. Mimi naogopa." Hakuwa amesoma saikolojia. Aliona, akaogopa, akamwambia mtu. Tulimpeleka hospitalini jioni ile ile. Alitibiwa, akaahirisha masomo kwa mwaka mmoja, akarudi, akafuzu. Hunipigia simu mara kwa mara, na kuhusu Kivumba bado tunabishana. Siku moja nilimuuliza juu ya yale maandishi mekundu. Akanijibu kwa upole kwamba si hayo yaliyomtia ugonjwa, ila aliyasoma kama uthibitisho kutoka kwa mtu anayejua.

Kuna wale wanaoshikilia kwamba haya ni maradhi ya Wazungu, kwamba babu zetu hawakuyajua, na kwamba kizazi cha leo kimeyapata kwa kudekezwa. Hoja hiyo nimeisikia katika ofisi za walimu, katika mikutano ya wazazi na hata katika kumbi za chuo kikuu. Jibu langu ni kamusi. Lugha haiweki akiba ya maneno kwa jambo ambalo watu wake hawalioni. Kiswahili kina huzuni, majonzi, simanzi, jitimai na ghamu. Kina kihoro, huzuni kubwa mno ya mtu aliyepoteza alichokipenda, ambayo wazee husema kwamba huweza kumwua mtu. Kina kusononeka, ambako ni kuumia ndani kwa ndani. Na kina kunyong'onyea, neno lisilotenganisha mwili na moyo, kwa kuwa hueleza kiumbe kizima kilicholegea kama jani lililokosa maji. Watu waliolitunga neno hilo walikwisha kumwona mgonjwa tunayemzungumzia. Wazee hao hao ndio waliotuachia methali isemayo: mwenye kovu usidhani kapoa.

Hata hivyo, ni kweli kwamba jina la kitabibu halijatulia. Watanzania wamelikubali zaidi neno sonona, nasi huku Kenya magazeti na redio huyumba kati ya sonona, unyogovu, mfadhaiko na huzuni, na wengine huongeza msongo wa mawazo, ambao kwa hakika ni jambo jingine. Msongo ni uzito wa mzigo. Mzigo ukitua, mtu hupumua. Sonona huweza kumshika mtu asiye na mzigo wowote unaoonekana, na huweza kubaki baada ya mzigo kutua. Mimi nachagua sonona kwa sababu mzizi wake tayari una maana ya uchungu unaochoma. Lakini nisingependa mjadala wetu wa istilahi, ambao sisi wanaisimu huufurahia kupita kiasi, uwe kisingizio cha kumsubirisha mgonjwa.

Yeye mwenyewe hatatumia neno lolote kati ya hayo. Atasema, "Nina mawazo." Hebu tuitafakari kauli hiyo, maana ni ya ajabu. Katika Kiswahili kuwa na wazo ni sifa, bali kuwa na mawazo ni ugonjwa. Wingi peke yake umegeuza maana. Jirani akisema "mama fulani siku hizi ana mawazo", hakuna anayedhani kwamba mama huyo anaandika kitabu. Si sisi tu. Nchini Zimbabwe Washona wana neno kufungisisa. Kufunga kwao ni kufikiri, msomaji asilichanganye na kufunga mlango, na kiambishi kilichoongezwa huonyesha kuzidi. Kwa hivyo ni kufikiri kupita kiasi. Mwaka wa 2006 daktari wa magonjwa ya akili jijini Harare, Dixon Chibanda, alianza kazi na nyanya kumi na wanne wa mtaa wa Mbare. Hakuwafundisha istilahi za Kiingereza. Waliketi kwenye benchi nje ya zahanati, wakawasikiliza watu wenye kufungisisa, wakawasaidia kuyapanga matatizo yao na kulishughulikia moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016 katika jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliohudumiwa na nyanya hao walikuwa na dalili chache zaidi kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Nalitaja hili kwa sababu moyo wa mpango huo ulikuwa neno ambalo wagonjwa walikuwa nalo tayari midomoni. Mwalimu anayemsikia mwanafunzi akisema ana mawazo ameshapewa ufunguo.

Tatizo ni kwamba mara nyingi hatusikii, maana namna tunavyouliza huzuia jibu. Mwaka wa 1923 mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski alieleza aina ya mazungumzo ambayo lengo lake si kupashana habari bali kudumisha uhusiano. Maamkizi yetu ni mfano bora. "Hujambo?" "Sijambo." Ukiyapasua maneno hayo, muulizaji ametaka kujua kama mwenzake ana jambo, na mwenzake amejibu kwamba hana. Aliyefiwa jana hujibu hivyo hivyo, mwenye homa hujibu hivyo hivyo. Adabu ndiyo inayojibu, wala si mtu. Kwa Kiswahili cha vijana wa leo jibu ni "Niko sawa", na nina hakika kwamba hakuna uongo unaosemwa mara nyingi zaidi katika shule zetu kuliko huo. Mwalimu akimkuta mwanafunzi amejikunyata nyuma ya maabara na kumuuliza "Uko sawa?", swali lenyewe limeshambebea jibu.

Kinachohitajika ni kauli ambayo "sawa" haiwezi kuijibu, na kauli hiyo huanza na kile mwalimu alichokiona. "Mwanangu, naona tangu wiki juzi huendi uwanjani, na jana chakula chako ulimwachia mwenzako. Nini kinakusibu?" Kisha anyamaze. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu kwetu sisi walimu, kwani tumezoea kuliziba kila pengo la kimya kwa nasaha. Asimwambie ajikaze. Asimwambie wapo wenye shida kuliko yeye. Mgonjwa huyo analijua hilo, na ni sehemu ya mateso yake. Asimkumbushe karo ambayo wazazi wameuza ng'ombe kuilipa. Akishasikiliza, amwambie kwamba hali hii ina jina, ina tiba, na kwamba hataachwa peke yake kuikabili.

Pana swali moja ambalo walimu huliogopa. Je, tumuulize kama amefikiria kujiua? Tumuulize, kwa maneno wazi na sauti ya kawaida. Wengi huhofu kwamba kuuliza ni kumpandikizia mtu wazo, lakini wataalamu wamelichunguza jambo hili na wanakubaliana kwamba haliko hivyo. Aghalabu mwenye mawazo hayo hupata nafuu kwamba hatimaye kuna aliyethubutu kuuliza. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake hata kwa dakika chache, viondolewe vitu vinavyoweza kumdhuru, na apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo. Siri haihifadhiwi pale ambapo uhai umo hatarini, na ni vyema mwanafunzi aambiwe hivyo tangu mwanzo ili asije akajiona amesalitiwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka duniani, na kwamba kwa vijana wa umri wa miaka 15 hadi 29 hiki ni miongoni mwa visababishi vitatu vikuu vya vifo. Nasi waandishi wa magazeti, nami nikiwamo, tuiache misemo tuliyoizoea ya kutangaza namna mtu alivyokufa. Haimfai msomaji kwa lolote.

Kwa muda mrefu sheria yenyewe ilikuwa adui. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na adhabu iliweza kufika kifungo cha miaka miwili. Fikiria mwalimu mkuu aliyetaka kumsaidia mwanafunzi wa namna hiyo huku akijua kwamba kumpeleka hospitalini kungeweza kumkutanisha na polisi. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Hapo awali, mwaka wa 2022, Sheria ya Afya ya Akili ilikuwa imefanyiwa marekebisho, na kabla ya hapo, mwaka wa 2020, jopokazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilikuwa limependekeza afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Katika vitabu vya sheria, basi, tumepiga hatua. Shuleni bado tunajikokota.

Mathalani, ushauri nasaha si mgeni katika elimu ya Kenya. Ripoti ya Gachathi ya mwaka wa 1976 ilikwisha kupendekeza kila shule iwe na mwalimu wa kusimamia kazi hiyo. Kiboko kilipopigwa marufuku mwaka wa 2001, tuliambiwa kwamba ushauri nasaha ndio utakaochukua nafasi yake, na hapo, kwa maoni yangu, ndipo kosa lilipoingia. Ushauri ulirithi kazi ya kiboko. Katika shule nyingi mwanafunzi hutumwa kwa mshauri baada ya kukosa, kama anavyotumwa kwa naibu wa mwalimu mkuu, na katika baadhi ya shule mshauri na mwanakamati wa nidhamu ni mtu mmoja. Mtoto gani atakayemfungulia moyo asubuhi mtu atakayeketi jioni kuamua kama arudishwe nyumbani? Ongeza kwamba mwalimu huyo ana vipindi kama wenzake wote, hana chumba chenye mlango, na aliyoambiwa kwa siri saa nne huenda yakawa mazungumzo ya chai saa tano. Wanafunzi wanalijua hilo. Ndiyo maana mlango wa mshauri hauna foleni, kisha sisi tukahitimisha kwamba shule yetu haina tatizo.

Wizara ya Elimu na Tume ya Huduma za Walimu zingeweza kuamua mambo matatu bila kusubiri fedha za wafadhili: mshauri asikae katika kamati ya nidhamu, apunguziwe vipindi, na awe na chumba. Pendekezo la nne lina gharama, nalo ni mafunzo, lakini hapa kuna habari njema kutoka humu humu nchini. Mwaka wa 2021 jarida la JAMA Psychiatry lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa na taasisi ya Shamiri kwa wanafunzi 413 wa shule za upili za Kenya, wenye umri wa miaka 13 hadi 18 na ambao walikuwa na dalili za sonona au wasiwasi uliozidi. Waliokutana nao hawakuwa madaktari bali vijana waliomaliza shule karibuni, waliopewa mafunzo mafupi. Walikutana katika vikundi mara nne tu, wakazungumza kuhusu uwezo wa mtu kubadilika, kushukuru, na mambo wanayoyathamini maishani. Kundi la kulinganishia lilifundishwa mbinu za kusoma. Dalili za sonona na za wasiwasi zilipungua zaidi kwa wale wa kundi la kwanza. (Nikiri kwamba jina la taasisi hiyo linanipendeza: kushamiri ni kustawi na kuenea.) Vikao vya namna hiyo havimtoshelezi mgonjwa aliyelemewa, lakini vinawafikia wengi ambao vinginevyo wangengoja hadi walemewe.

Walimu wa lugha wana nafasi ya pekee, kwa kuwa insha huwapitisha mlango ambao mwalimu wa fizikia hapewi. Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka wa 2004 kwamba wanafunzi wa chuo waliokuwa na sonona walitumia neno "mimi" zaidi katika insha zao kuliko wenzao, na utafiti mwingine, wa mwaka wa 2018, ukapata kwamba wenye hali hii hupendelea maneno yasiyoacha mwanya, yaani ya aina ya kamwe, daima, kabisa, hakuna. Hao walikuwa wakiandika Kiingereza, na mwalimu wa Kiswahili asiligeuze daftari kuwa kipimajoto. Lakini insha ya mwanafunzi ikibadilika, kila mhusika akawa anakufa na kila safari ikawa haifiki, asiishie kusahihisha upatanisho wa kisarufi.

Kuhusu hospitali, jina la Mathari bado hutumika kama tusi katika viwanja vya shule. Ilianzishwa mwaka wa 1910 kama makao ya kuwatenga wendawazimu, na sifa hiyo ya kikoloni imekataa kuifuta. Leo ni hospitali ya kitaifa ya mafunzo na rufaa, na si lazima mgonjwa wa Lodwar au Lamu asafiri hadi huko. Wapo wahudumu wa afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya Moi mjini Eldoret, katika hospitali ya Port Reitz mjini Mombasa, huko Gilgil, na katika hospitali kadhaa za kaunti. Pa kuanzia ni zahanati au hospitali iliyo karibu. Mgonjwa asistaajabu akipimwa damu, maana upungufu wa damu na kasoro za tezi la shingo huweza kuiga sonona. Na mhudumu naye asitosheke na kupima malaria na taifodi kila anapoletewa mtoto anayeumwa kichwa na tumbo kila juma bila sababu kuonekana, kwa kuwa wengi wetu huzungumza huzuni kwa ndimi za mwili.

Tiba ni za aina mbili, mazungumzo na mtaalamu, na dawa. Kwa wengine moja hutosha, kwa wengine huhitajika zote mbili. Dawa kama fluoksetini hazilevi wala hazimfanyi mtu kuwa mtumwa wake, ila huchukua majuma kadhaa kabla ya kuonyesha nafuu, na wengi huziacha mapema wakidhani zimeshindwa. Zisiachwe ghafla bila daktari kujua, na kijana aliyeanzishiwa dawa aangaliwe kwa karibu, hasa majuma ya mwanzo. Padri, mchungaji au sheikh naye ana nafasi yake. Nimewaona viongozi wa dini waliomwombea mtu kisha wakampeleka hospitalini kwa gari lao wenyewe. Anayemwamuru mgonjwa aache dawa ili athibitishe imani yake, huyo anacheza na roho ya mtu.

Nimezungumza kana kwamba mgonjwa siku zote ni mwanafunzi. Mwalimu aliyehamishwa mbali na watoto wake, mwenye mkopo unaomeza nusu ya mshahara, anayeingia darasani akiwa amekunywa ili aweze tu kusimama mbele ya watu, yeye tunamwandikia nini? Tunamwandikia barua ya kujieleza. Mwalimu mkuu anayemwita mwalimu kama huyo, akamfungia mlango na kumuuliza kwanza kuhusu usingizi wake kabla ya kumuuliza kuhusu maazimio ya kazi, hajavunja kanuni yoyote.

Na wewe mwanafunzi unayeyasoma haya, pengine kwa sababu mwalimu amekata ukurasa huu na kuubandika ukutani: kama kwa majuma mawili umekuwa ukiamka na kuiona siku kama mlima, na vile ulivyovipenda havikuvutii tena, mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini. Si lazima awe mshauri wa shule. Anaweza kuwa shangazi, mpishi, matroni au mwalimu wa michezo. Ukikosa neno la kuanzia, sema, "Nina mawazo, na hayaondoki." Wa kwanza asipokusikia, nenda kwa wa pili. Kama una umri usiofika miaka 18, nambari 116 ya Childline Kenya hupigwa bila malipo. Ya Msalaba Mwekundu ni 1199, nayo pia haina malipo, na Befrienders Kenya hupatikana kwa 0722 178 177. Na kama anayenyong'onyea si wewe bali ni mwenzako wa kitanda cha juu, usimngoje akuruhusu. Njoo ubishe mlango wa mwalimu, hata ukiwa huna hakika.